Mama alivunjika mkono, sasa kiu haimwachi

Bi Daktari, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Seeb, Muscat. Sisi ni Waomani wa Unguja, na Kiswahili ndiyo lugha ya ndani ya nyumba yetu. Mama yangu ana miaka 68. Alizaliwa Malindi ya Unguja, akaja huku na wazee wake miaka ya 70, bado mwari. Ana sukari mwaka wa 14 huu, na presha, lakini alikuwa mtu wa kujiweza: anapika mwenyewe, anatembelea wenzake, maulidi hayampiti.

Mwezi wa Rajabu alianguka bafuni. Alikuwa anatia udhu wa alfajiri. Mguu mmoja kaupandisha kwenye sinki auoshe, ule wa chini ukateleza. Akajizuia kwa mkono, kifundo kikavunjika. Hakuanguka ngazini wala kugongwa na kitu, ni pale pale alipokuwa amesimama. Hospitali walimfunga plasta ya jasi, wakampima na damu, na baada ya wiki mbili wakampiga ile picha ya uzito wa mifupa. Vitamini D ikatoka 22. Mifupa ikatoka −1.9 kwenye nyonga na −1.1 kwenye uti wa mgongo. Tukaambiwa hana osteoporosisi, ule ugonjwa wa mifupa kuvunjika kirahisi, ana upungufu wa vitamini D tu, kama Waarabu wote. Akapewa vidonge vya 50,000 na vya kalsiamu, tukarudi nyumbani tukishukuru.

Dawa zake nampangia mimi, kwenye kile kikasha chenye vyumba saba. Asubuhi cha sukari, cha presha na kile cha kukojosha, kalsiamu, vitamini D. Usiku cha sukari tena na cha lehemu. Siachi hata siku moja, Bi Daktari. Hiyo vitamini D pakiti yake ina vidonge vinane tu, hata wiki mbili haifiki, kila mara natuma mtu duka la dawa.

Ramadhani ilipoingia mama bado analalamika mapaja na kiuno. Wifi yangu akampeleka zahanati moja ya binafsi, akapigwa sindano ya vitamini D. Sasa tumeingia mfunguo pili na hali ndiyo imezidi. Hamu ya chakula hana, kichefuchefu asubuhi, choo anapata baada ya siku nne, tano. Kiu haimwachi, jagi la maji linalala naye kitandani, na usiku anaamka mara nne kwenda msalani. Mchana analala sana. Juzi kaniita mara mbili kwa jina la marehemu dada yake. Sisi tulidhani sukari imepanda, lakini kila nikimpima ni 6, 7, ikizidi 8. Tunasema ni uzee na joto hili.

Wifi anasema vitamini D bado haijatosha, aongezewe, kwa sababu inaponyesha na sukari yenyewe. Anasema kasoma kwamba utafiti umethibitisha mifupa ya Waarabu ni dhaifu kwa asili. Akamwambia mama mbele ya watu kwamba kosa ni baibui lake la miaka hamsini. Mama alilia. Kaka yangu aliyebaki Unguja naye anatucheka kwenye simu: mna jua kali kuliko sisi, na mnanunua jua la vidonge.

Nina binti wa miaka 12, naye alipimwa akatoka 31. Shule, gari, chumbani na simu, basi. Naogopa yatamfika ya bibi yake. Je, ni kweli sisi mifupa yetu ni mibovu? Mama avue baibui? Nimuongezee dozi? Nisaidie, maana kila mtu nyumbani ni daktari.

Mwenye Mama, Seeb

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma usiku, na kipande hiki cha kwanza nilikutumia usiku ule ule bila kungoja safu itoke. Nakichapa hapa kwa idhini yako kwa ajili ya nyumba nyingine zenye kikasha kama chenu.

Kidonge cha vitamini D usimpe mama tena. Na cha kalsiamu usimpe. Kesho asubuhi mpeleke hospitali kubwa, usimpeleke zahanati, na useme hivi: mama amekuwa akimeza vitamini D ya 50,000 kila siku tangu Rajabu, akapigwa na sindano juu yake, tunaomba apimwe kalsiamu ya damu na figo leo. Chukua kikasha, chukua na mapakiti yote, hata matupu. Kile kidonge cha kukojosha waonyeshe mapema, kwa sababu aina moja ya dawa hizo huzuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo. Dawa zake nyingine usizikate mwenyewe. Na kama kabla ya kupambazuka atatapika mfululizo, au utamwamsha asiamke vizuri, au moyo utamwenda mbio, usingoje asubuhi.

Sasa tukae tuzungumze.

Vidonge vya 50,000 hutolewa kimoja kwa wiki. Pakiti ya vinane ni dawa ya wiki nane, miezi miwili kamili, na baada ya hapo mgonjwa huteremshwa kwenye dozi ndogo ya kila siku, 1,000 au 2,000. Wewe umeniandikia kwamba pakiti haifiki wiki mbili. Hapo ndipo niliposimama, nikarudi juu, nikaisoma tena barua yote. Mama alitakiwa ameze jumla ya yuniti 400,000. Kwa siku kama mia moja tangu Rajabu amemeza kiasi cha milioni tano, na sindano sijaihesabu.

Najua ukisoma hivyo mikono itakufa ganzi. Sikiliza. Kosa hili nimeliona kwa walimu, kwa wahasibu, hata kwa mtu aliyesomea udaktari aliyekuwa akimpangia baba yake dawa. Kidonge kinachomezwa kwa wiki, kikiwekwa katika kikasha cha vidonge vya kila siku, kinageuka cha kila siku. Aliyekukabidhi pakiti alipaswa kukuambia kwa mdomo, «Ijumaa kwa Ijumaa», na kuliandika neno hilo juu ya boksi kwa kalamu. Duka la dawa lililokuuzia pakiti ya tatu na ya nne ndani ya mwezi lilipaswa kuuliza. Wewe ulichofanya ni kutoacha hata siku moja, na mtoto anayemtunza mama yake kwa bidii hiyo hana cha kuonea haya mbele ya daktari. Kwa hiyo sema ukweli wote hospitali, usipunguze hata kidonge kimoja. Ukipunguza watatafuta kansa kwanza.

Vitamini D hufanya kazi kama homoni. Ikiingia mwilini, ini huigeuza mara ya kwanza, figo huigeuza mara ya pili, na hapo ndipo inapoyaamrisha matumbo yafyonze kalsiamu ya chakula. Ikiwa chache, kalsiamu haipatikani, na tezi nne ndogo zilizo shingoni, nyuma ya tezi ya dundumio, hutoa homoni yao ya parathairoidi, ambayo huenda kuichomoa kalsiamu mifupani. Ikizidi mno, damu hujaa kalsiamu. Mwenye damu hiyo huona kiu, hukojoa mara kwa mara, hufunga choo, hukosa hamu ya kula, husinzia, huchanganya majina. Umeona? Kiu na mkojo ni dalili za sukari pia, ndiyo maana nyumba nzima mliangalia glukomita na mkatulia ilipoandika 7. Lakini sukari ya 7 haimwamshi mtu mara nne usiku. Ulikuwa na kifaa kinachokwambia «siyo sukari» na hakuna aliyekuuliza: basi ni nini?

Kalsiamu ya kawaida ni kati ya 2.1 na 2.6 hivi kwa vipimo vinavyotumika kwenu. Ikipita 3 ni jambo la kulazwa na kutiwa maji ya mshipani. Vitamini D yenyewe huwa na sumu ikipita 375 hivi, kwa ile ile hesabu iliyotoa 22 ya mwanzo. Na inajificha kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo kuacha vidonge leo hakumalizi mambo kesho: atafuatiliwa wiki kadhaa, pengine miezi. Waambie pia wapime homoni ya parathairoidi. Ikiwa imeshuka kabisa, yaelekea sababu ni vidonge. Ikiwa kalsiamu ipo juu na homoni hiyo nayo ipo juu, basi huenda moja ya zile tezi ina uvimbe, nao peke yake huweza kuila mifupa ya mwanamke wa umri wa mama mpaka ikavunjika. Nisingependa kitu hicho kipite kwa sababu tumeshapata wa kumlaumu.

Nitoke kwenye hatari nije kwenye ile sentensi iliyonikera: «upungufu wa vitamini D tu, kama Waarabu wote».

Sentensi hiyo nusu yake ni kweli. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Saudia walikuwa wakipima damu za watu wenye afya zao na kushangaa: nchi ya jua, damu haina vitamini ya jua. Baadaye Lebanon, Imarati, Kuwait, Oman, kote wakakuta hivyo hivyo, na wanawake wakiwa chini zaidi. Mwaka 2000 madaktari wa Denmark waliwapima wanawake wa Kiarabu wanaojifunika waliohamia kwao, na wastani wao ulikuwa 7 tu. Saba, mwanangu. Mama yako na 22 yake ana nafuu hapo. Wengi wa wanawake wale walikuwa na maumivu ya misuli na mifupa ambayo huku pwani tungeyaita baridi yabisi na kuyachua kwa mafuta ya karafuu.

Lakini jambo likishakuwa la watu wote, watu huacha kumtazama mtu mmoja. Hilo ndilo lililompata mama. Namba 22 ilikuwa kweli, dawa iliyoandikwa ilikuwa sahihi kama ingemezwa inavyotakiwa, ila jina «Waarabu wote» likafunga faili. Hakuna aliyeuliza kwa nini mwanamke aliyesimama chini anavunjika kifundo.

Kuhusu asili: hapana. Hakuna mifupa mibovu ya Kiarabu. Nyonga zinazovunjika kwa wingi kuliko zote duniani ni za watu wa Skandinavia, Denmark, Norway na Sweden, na hakuna anayewaambia kwamba wameumbwa vibaya. Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut kina kituo kizima cha mifupa na kalsiamu, na daktari aliyekiongoza, Ghada El-Hajj Fuleihan, kazi yake kubwa imekuwa kuwapima Walebanoni kwa Walebanoni. Waligundua kwamba uzito wa mifupa yao ujanani uko chini kidogo ya ule wa Wazungu wa Marekani. Sehemu ya sababu ni maumbo tu: ile mashine inapiga picha bapa, kama inayopima kivuli cha mfupa, hivyo mfupa mdogo uliojaa vizuri unaweza kusomeka kama mwepesi. Ndiyo maana utafiti wa kwao wenyewe una maana. Bila huo, tungebaki na mizani ya watu wengine.

Na kaka yako wa Unguja, mwambie jua kweli ni la bure, ila lazima lifike kwenye ngozi. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili. Wastani wao ulikuwa 115. Weusi wa ngozi haukuwazuia, kwa sababu wako nje tangu asubuhi hadi jioni na hawajitupi juani mchana wa saa saba. Wanakaa kivulini jua likiwa kali, wanatoka likipoa. Muscat jua lipo juu ya paa, na watu wako chini yake na viyoyozi. Nyuzi joto zikifika 45, mwanamume wa kanzu, mwanamke wa baibui na kijana wa fulana wote wanatoka mlangoni wanaingia garini. Kioo cha gari na cha dirisha huingiza mwanga na joto, lakini ule mwale unaotengeneza vitamini D huuzuia. Wanaume wa Ghuba nao wamepimwa wakakutwa chini. Hao baibui wamelivaa lini?

Kwa hiyo huyo wifi, kwa heshima zote, alikosea kusema na alikosea pa kusemea. Mavazi yana sehemu yake, siwezi kukuficha: mwili uliofunikwa wote hautengenezi kitu. Ila dini ya mama si ugonjwa, na dawa yake haipiti kwenye kuvua. Kumbuka nyumba za mawe za Malindi alikokulia. Katikati kulikuwa na ua wazi, kuta ndefu pande zote, wanawake wakikaa humo wanachambua mchele na kusukana, mikono na miguu wazi, vichwa wazi, na jua likiwaingia bila jicho la mtu. Nyumba za zamani za Oman nazo zilikuwa na hoshi yake. Tulipohamia kwenye maghorofa tukabaki na mavazi ya barabarani, tukapoteza ua wa ndani, kisha tukalilaumu baibui. Kama mna dari ya juu yenye ukuta, akishapona apande na kiti chake asubuhi, kivuli chake kikishafupika kuliko urefu wake, robo saa, mikono na miguu ikiwa wazi. Siku za joto kali asiende. Aliyezoea kuwa ndani hatofika 115 kwa hilo, na dozi ndogo ya vidonge huenda akaihitaji baadaye, lakini daktari ataianzisha akishaona kalsiamu imetulia. Si wewe, wala si wifi.

Na vitamini D haiponyeshi sukari. Mwaka 2019 Marekani walitoa matokeo ya watu 2,423 waliokuwa wakinyemelewa na sukari: nusu walimeza 4,000 kila siku, nusu vidonge vitupu. Waliomeza walipata sukari pungufu kidogo, lakini tofauti haikutosha kuitegemea. Nao hawakuwa bado na ugonjwa. Mama anao mwaka wa 14. Kuhusu kuongeza dozi ndiyo iwe nguvu zaidi, Australia walijaribu kuwapa wanawake wa miaka 70 na zaidi yuniti 500,000 kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka. Matokeo yalitoka 2010: walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko waliopewa vidonge vitupu. Sindano zile kubwa zinazopigwa kwenye zahanati kama zawadi ya Ramadhani hunitia hofu kila ninapozisikia.

Lakini sukari na mifupa wana uhusiano mwingine, na huo ndio ningetaka daktari wa mama aukalie. Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini ndilo eneo lenye kiwango kikubwa cha sukari kuliko yote duniani. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilihesabu mwaka 2021 watu wazima milioni 73, karibu mmoja katika kila sita. Mwenye sukari ya ukubwani anaweza kuwa na mifupa yenye uzito mzuri kwenye picha na bado ikavunjika kirahisi, kwa sababu sukari ya miaka mingi huukausha ule utomvu unaoufanya mfupa unepe. Ni kama ukuti: mbichi unapinda, mkavu unalia. Zaidi ya hapo, miguu inakufa ganzi, macho yanapungua, na baadhi ya dawa zinaishusha sukari ghafla, mtu akaanguka. Kwa hiyo −1.9 ya mama haisomwi peke yake. Mstari wa osteoporosisi umewekwa kwenye −2.5 kushuka chini tangu 1994, mstari uliochorwa na watu ili waelewane. Mwanamke wa miaka 68, hedhi imekatika, sukari ya miaka 14, kavunjika kifundo kwa kuanguka kutoka urefu wake mwenyewe: huyo mimi simwambii «ni vitamini tu».

Muulize daktari kuhusu kikokotoo kinachoitwa FRAX. Kilitengenezwa Sheffield, Uingereza, mwaka 2008, na hukadiria uwezekano wa kuvunjika mfupa katika miaka kumi inayokuja. Nchi nyingi zina hesabu zake; Lebanon na Jordan wanazo. Muulize anatumia za nchi gani kwa mama, na kama amekumbuka kwamba kikokotoo hicho huwapunja wenye sukari, huwaonyesha wako salama kuliko walivyo. Mwambie mama alikatika hedhi akiwa na miaka mingapi, maana ikiwa kabla ya 45 hiyo ni hoja nyingine. Mwambie kama bibi yako alivunjika nyonga. Mwambie kama kuna miezi alimeza dawa za pumu au za maungo zenye steroidi. Zipo dawa za kuimarisha mifupa, nyingine za kumeza mara moja kwa wiki (hizo nazo ziandike «Ijumaa» kwa herufi kubwa, nje ya kikasha), nyingine za mshipani mara moja kwa mwaka. Hazianzi mpaka kalsiamu na figo zikae sawa, kwa hiyo hili ni la mazungumzo ya pili.

Binti yako ndiye ninayemwonea furaha katika barua nzima. Usimpime kila mwezi na usimtishe. Pale Beirut waliwachukua wasichana wa shule 179, wa miaka 10 hadi 17, wakawapa matone ya vitamini D mara moja kwa wiki mwaka mzima: wengine 1,400, wengine 14,000, wengine ya bandia. Mifupa na misuli ya waliopewa iliongezeka, na waliofaidika zaidi ni wale ambao hawajavunja ungo. Mfupa unajengwa sasa, na huko ukubwani mtu anakula akiba. Daktari wa watoto atakupa dozi ndogo ya kila siku. Wewe mpe samaki: dagaa na jodari ndio wenye vitamini hiyo, na Oman mna bahari kama tuliyo nayo. Mpe labani badala ya soda. Na arukeruke, kamba, mpira, kukimbia na nduguze ufukweni jua likianza kushuka. Mfupa usiotikiswa haunenepi. Ile 31 yake ukiipeleka maabara nyingine inaweza kuandikwa 12, msishtuke, ni kipimo tofauti cha kitu kile kile. Zidisha kwa mbili na nusu utaona.

Nimebakiwa na bafu. Mama alivunjika kwa sababu ya mguu mmoja juu ya sinki. Sinki la kunawia uso halikutengenezwa kwa miguu ya mtu wa miaka 68 mwenye ganzi, na kila alfajiri ataurudia mchezo ule ule kwa mkono ambao haujapata nguvu. Weka taa inayobaki inawaka usiku. Zulia dogo lile la mlangoni liondoe. Kisha tafuta kigoda kizito cha mbao, na birika. Muulize mama kwao Malindi walitiaje udhu. Atakwambia walikaa, mtoto akiwamiminia maji. Binti yako ana miaka 12, anaamka alfajiri. Mpe birika.